Kishikwambi Kipya na Jua la Juba

Jioni moja ya mwezi wa Machi 2025, joto la mchana likiwa bado halijatulia na vumbi la barabara ya Gudele, hapa Juba, likielea hewani kama moshi wa kuni mbichi, mpwa wangu, ambaye mwaka huo alikuwa akianza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Juba, alinijia uani nilikokuwa nimeketi chini ya mwarobaini, akaniamkia kwa staha, akavua viatu, akakaa mkekani, na baada ya kunijulia hali na kuniuliza habari za kazi, akaninyooshea simu yake, ambayo kioo chake kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, akasema, “Mjomba, kimetoka kipya.”

Nilikitazama kwa wasaa. Kilikuwa kitu chembamba cha rangi ya samawati, mikononi mwa kijana aliyeketi katika chumba ambacho, kwa dhahiri, hakijapata kuingiwa na vumbi. Mpwa wangu hakuitazama picha. Alinitazama mimi usoni, akilitafuta humo jibu kabla ya kauli. Dada yangu, mama yake, aliyekuwa akisonga asida, yaani ugali wetu, kando ya jiko la makaa, hakugeuka, ila aliuliza maneno mawili tu: “Na umeme?”

Kwa ajili ya wasomaji ambao habari hii haijawafikia, kitu kinachozungumzwa ni iPad ya kampuni ya Apple ya Marekani, toleo lenye kichakataji kiitwacho A16, lililotangazwa tarehe 4 Machi 2025 na kuanza kuuzwa tarehe 12 ya mwezi uo huo, kwa bei ya dola 349 huko lilikotoka. Ndugu zetu wa Tanzania hukiita chombo cha jinsi hii kishikwambi, wengine husema tableti, nami nitalishika neno lile la kwanza kwa kuwa lina mlio wa Kiswahili na huingia katika ngeli bila ya taabu. iPad ya kwanza kabisa, ambayo Steve Jobs aliidhihirisha mbele ya watu tarehe 27 Januari 2010, iliuzwa kwa dola 499 ilhali ghala lake la ndani lilianzia gigabaiti 16; hii ya mwaka 2025 ilianzia 128, mara nane ya ile, na bei ilikuwa imeshuka kwa dola 150. Hayo ni maendeleo ya kweli, na mtu mwadilifu hana budi kuyakiri kabla ya kusema neno la kupinga.

Wala hoja za mpwa wangu hazikuwa za kitoto. Alisema kwamba wahadhiri siku hizi hutuma maandishi ya mihadhara kwa simu. Kwamba kurasa hizo, zikifunguliwa katika kioo cha upana wa kiganja, tena kilichopasuka, herufi zake huwa ndogo kama siafu, hata humlazimu kuivuta sentensi moja kushoto na kulia mara tatu ndipo aimalize. Kwamba kutoa nakala za kitabu kizima kwenye maduka ya kopi ni gharama isiyokwisha. Na kwamba kompyuta ya mapajani ni nzito, hula umeme mwingi, na mwenye kupanda nayo bodaboda usiku huwa roho juu mpaka afike nyumbani. Kishikwambi huingia katika mfuko wa vitabu, huonyesha ukurasa mzima kwa mara moja, na betri yake hukaa kutwa. Katika hayo sikuwa na neno la kumpinga, wala sina hadi leo.

Tena haya nayaandika mimi niliyesomea elimu ya msingi katika kambi ya Kakuma, kule Turkana nchini Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 walipofika huko kwa miguu watoto waliokimbia vita vya nchi yetu, na ambako Kiswahili kilinikuta na kunifanya mtu wake. Darasa letu lilikuwa na kitabu kimoja kwa watoto saba. Kiliwekwa chini katikati yetu, nasi tukakizunguka kama sahani ya chakula. Na kwa kuwa mahali pangu aghalabu palikuwa upande wa pili wa mwenye kukifungua, nilijifunza kusoma herufi zikiwa juu chini, na ustadi huo haujanitoka. Aliyekuzwa hivyo hawezi kukidharau chombo kiwezacho kubeba maktaba nzima, na kila anaponiuliza mtu kama kishikwambi kina faida, mimi hukiona kile kitabu kimoja chini, na vichwa saba vimekiinamia.

Kwa hiyo sikuitafuta hukumu yangu katika matangazo ya wauzaji, ambao kazi yao ni kusifu, bali niliitafuta mahali ambapo vishikwambi viliwahi kuwekwa mikononi mwa watoto wasio na shule, wasio na umeme, na wasio na vitabu, yaani watu wa hali inayofanana na yetu. Na mahali hapo pako karibu, tena habari zake ni za Kiswahili. Baina ya mwaka 2017 na 2019, katika mkoa wa Tanga, shindano liitwalo Global Learning XPRIZE, likishirikiana na serikali ya Tanzania, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani, liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170, kila kimoja kikiwa na programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kwamba hawakupata kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Halikuongezwa darasa wala mwalimu. Iliwekwa mitambo ya sola ya kuvichaji vijijini, watoto wakaachiwa. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu, na mwezi wa Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 ikagawanywa baina ya waundaji wawili, Kitkit School na onebillion.

Sasa msomaji aniruhusu nisimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Vishikwambi vilivyofanya kazi hiyo Tanga viliitwa Pixel C, hiba ya kampuni ya Google; vilikuwa toleo la mwaka 2015, na Google yenyewe iliacha kuviuza mwaka 2017, ule ule ambao jaribio lilikuwa likianza. Mtoto wa kijiji aliyekishika kwa mara ya kwanza na kusikia sauti ikimtamkia silabi za lugha ya mama yake alikuwa ameshika, kwa hesabu za maduka ya Ulaya, kitu kilichokwisha wakati wake. Wala hakujua, wala hakikumdhuru. Kilichomfundisha ni ile programu iliyotungwa kwa lugha anayoielewa, ikakaa ndani ya chombo bila ya kuhitaji intaneti kila siku, na ule mtambo wa sola uliosimama kijijini. Viondoe viwili hivyo, umwachie mtoto kioo kizuri kuliko vyote vilivyomo duniani, naye atajitazama humo uso.

Mifano mingine ya majirani yathibitisha hayo kwa namna zake. Kenya ilianza mwaka 2013 kwa ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na kutoka mwaka 2016 ikawa inapeleka vishikwambi mashuleni. Tanzania ilifanya sensa yake ya tarehe 23 Agosti 2022 kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo ikawagawia walimu, jambo ambalo mimi naliona la busara sana, kwa maana chombo kilichokwisha kazi moja hakikutupwa bali kilitafutiwa kazi ya pili.

Narudi Juba, na kwanza nalitaja jua. Apple yenyewe, katika maelezo ya kifaa chake, imeandika kwamba kimeundwa kitumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Nasi tuliokaa hapa Februari 2025 twajua kwamba serikali ilifunga shule zote za nchi kwa majuma mawili kwa kuwa wanafunzi wa mji huu walikuwa wakizimia madarasani. Na mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi 2024, zilifungwa vivyo hivyo joto lilipotazamiwa kufika nyuzi 45. Nimefundisha katika chumba cha mabati saa nane za mchana. Nimeona chaki ikiteleza mkononi kwa jasho, na nimeona simu ya mwanafunzi, iliyoachwa juu ya dawati karibu na dirisha, ikizima yenyewe na kukataa chaji mpaka ilipofunikwa kwa kitambaa chenye maji na kuachwa kivulini. Hakuna kampuni iliyosalimika na dosari hii, kwa kuwa betri za lithiamu zote huchakazwa na joto. Ila mtu hulia kwa kadiri ya alichopoteza, na betri iliyokufa ndani ya chombo cha bei kubwa, katika mji ambao fundi wake hana vipuri vya chombo hicho, huua chombo kizima.

La pili ni laini. Toleo la dola 349 halina laini kabisa. Hutegemea waifai, na waifai ya kudumu katika Juba ni neema ya maofisi, mahoteli na nyumba chache, ingawa tangu mwaka 2020 mkongo wa intaneti umefika kwetu kutoka mpaka wa Uganda. Mwenye kutaka lenye laini alitakiwa kutoa dola 499 lilipotoka, na hata hilo, msomaji, halina tundu la kutia kadi! Laini yake ni ile ya kielektroniki iliyofichwa ndani, isiyoshikika kwa vidole, ilhali sisi kadi za MTN, Zain na Digitel twazinunua sokoni, twazitia na kuzitoa kwa ncha ya pini, twabadilisha mtandao huu kwa ule kufuata bando lililo nafuu juma hilo au mnara uliopona siku hiyo. Wala hakina tundu la kadi ya kumbukumbu, ambayo kwa mwanafunzi wa Juba ndiyo njia kuu ya vitabu: rafiki humpa rafiki kadi ndogo kuliko ukucha, yenye vitabu mia, naye hanunui hata megabaiti moja.

Na umeme alioulizia dada yangu? Mtaa wetu una nguzo, na mitambo ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2019 imewafikishia taa wengi ambao hawakuwa nazo. Lakini nyumba nyingi za nchi hii hazina umeme wa gridi, na hata penye nyaya, mwenye kuishiwa na fedha za mita hurudi kwenye kibanda cha kuchajisha simu, pale ambapo waya hamsini zimelala mezani kama mlenda, na kila simu imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Je, utakiacha humo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri kitu cha dola 349?

Dola hizo nazo tuzitazame kwa fedha yetu. Paundi ya Sudan Kusini ilipozaliwa mwezi wa Julai 2011, dola moja ilikuwa takriban paundi tatu; mwezi wa Desemba 2015, serikali ilipoiacha ijitafutie kima chake, ikafika 18 na zaidi; na mwezi wa Machi 2025 hata kwa kima cha benki dola moja haikupatikana chini ya paundi 4,000. Kwa hesabu hiyo ya upole, kishikwambi hiki kilikuwa paundi milioni moja na laki tatu na tisini na sita elfu, yaani mabunda 13 ya noti za elfu moja moja, kila bunda noti mia, na ushei wa noti 96 juu yake, kabla ya nauli ya mzigo kutoka Mombasa au Kampala, kabla ya ushuru wa mpakani Nimule, kabla ya faida ya mwenye duka, na kabla ya kalamu yake na kibodi yake, ambavyo huuzwa mbali. Na hii ni nchi ambayo watumishi wake wa serikali, walimu wakiwa miongoni mwao, wamekaa miezi na miezi bila ya mishahara, hasa baada ya bomba la mafuta lipitalo Sudan kupasuka mwezi wa Februari 2024 na hazina kukaukiwa. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mabunda hayo 13 yakipatikana mara moja, yana wenyewe wanaoyangoja: ada ya mdogo, dawa za bibi, mahindi ya miezi ya mvua.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo sitaki kuipita, kwa kuwa aliyenitolea ni mwalimu mwenzangu ninayemheshimu, naye alisema kweli. Alisema kwamba rahisi huwa ghali. Kwamba iPad hupewa masasisho ya programu kwa miaka mingi, hata ile ya mwaka 2019 ilikubaliwa kupokea mfumo uliotoka mwaka 2024, wakati vishikwambi vingi vya bei ndogo huachwa yatima baada ya mwaka au miwili. Najua uchungu wa jambo hilo. Mwaka juzi nilinunua katika soko moja la mji huu kishikwambi ambacho kasha lake liliandikwa gigabaiti 512 kwa herufi za dhahabu. Nilipokifikisha nyumbani na kukijaza vitabu vya wanafunzi wangu, kikajaa kabla ya kitabu cha arobaini, na fundi alipokifungua mbele yangu, alinionyesha ndani yake kidude cha gigabaiti 16 na betri iliyofungwa pamoja na kipande cha udongo mgumu ili uzito wake utimie. Nilikaa kimya kitambo kirefu, si kwa ajili ya fedha peke yake, ila kwa ajili ya wale vijana niliokuwa nimewaahidi kwamba Jumatatu watasoma.

Lakini baina ya udanganyifu wa soko na bei ya Apple kuna njia ya kati, nayo ina majina. Galaxy Tab A9 ya Samsung, iliyotoka mwaka 2023, katika toleo lake la laini, hupokea kadi ya simu na kadi ya kumbukumbu. Na kampuni za Tecno na itel, ambazo mafundi wetu wa soko la Konyo Konyo wamezizoea simu zao kama walivyozoea majina ya watoto wao, nazo zina vishikwambi. Mwenye kununua akidai kukiwasha pale pale dukani, akatia kadi yake, akafungua mipangilio na kulisoma ghala kwa macho yake, akakijaribu kwa filamu ndefu kidogo, hataondoka na udongo. Kilichotoka mwaka jana au mwaka juzi, kikiwa kipya kwenye kasha lake, kitamfungulia mwanafunzi kurasa zile zile ambazo iPad ingemfungulia, kwa herufi zile zile. Kwa tofauti ya bei, atanunua paneli ndogo ya sola, pawabenki, kifuko kizito cha kukikinga na vumbi, na kadi ya kumbukumbu. Na hapo dada yangu atakuwa amejibiwa swali lake.

Hukumu yangu, basi, ni hii: kwa mwanafunzi wa Juba, kishikwambi chastahili kununuliwa, na iPad mpya haistahili. Mwenye kazi ya kuchora, au ya kuhariri filamu, au mwenye ofisi iliyo na umeme na waifai na kiyoyozi, ana hesabu yake nyingine, wala simwingilii.

Na kwa Chuo Kikuu cha Juba nina ombi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1975, kikahamishiwa Khartoum kwa sababu ya vita, kikakaa ugenini miaka mingi ndipo kikarejea nyumbani. Hakuna chuo katika Afrika Mashariki kijuacho kuliko hicho maana ya elimu kubebwa njiani. Ninaomba maktaba yake iweke meza moja, na kompyuta moja juu yake, yenye vitabu na mihadhara ya kila somo, vile ambavyo wenyewe wameruhusu vinakiliwe, ili mwanafunzi afike na kadi yake ya kumbukumbu mkononi, anakili anachokihitaji, aende zake bila ya kununua bando. Meza hiyo haitagharimu vishikwambi vipya vitatu. Na Wizara ya Elimu, ambayo nchi yake imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, ingewauliza Watanzania zile programu za Tanga, ambazo masharti ya shindano yalitaka ziwe wazi kwa kila mtu, ili watoto wetu watakaojifunza Kiswahili wasianze pale nilipoanzia mimi, upande wa pili wa kitabu.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufurahi, nami sikumlaumu, maana rangi ile ya samawati ilikuwa nzuri kweli. Paneli ya sola nimekwisha kuinunua, nayo imefungwa juu ya paa letu upande wa mashariki; kishikwambi tutakwenda kukitafuta pamoja Jumamosi, na kadi ya kumbukumbu ataichagua mwenyewe.